Baden-Powell: Askari Aliyegeuka Mwalimu wa Vijana

Anayepita katika barabara itokayo Khayega kuelekea Shinyalu asubuhi ya Jumatatu, wakati shule zinapopandisha bendera, hawezi kukosa kuwaona vijana wachache waliojitenga na wenzao kwa mavazi yao: shati la rangi ya kaki, skafu iliyofungwa shingoni, mgongo ulionyooka kama mlingoti wenyewe. Hao ni skauti. Husimama kwa amri, hutembea kwa amri na hupiga saluti kwa amri. Siku nyingine, jeshi la taifa linapotangaza usajili wa makurutu, vijana wenye umri uliozidi kidogo tu ule wa hao skauti hupanga foleni uwanjani tangu alfajiri, wakapimwa urefu na uzani, wakakaguliwa meno na nyayo, kisha wakakimbizwa. Si ajabu kumkuta miongoni mwao aliyetia cheti cha uskauti katika bahasha yake pamoja na vyeti vya masomo, kwa imani kwamba kitamfungulia mlango. Imani hiyo ina historia ndefu, na historia hiyo inaturudisha kwa mtu mmoja ambaye kaburi lake limo humu humu nchini, katika mji wa Nyeri: Robert Stephenson Smyth Baden-Powell.

Jina hilo si geni kwa yeyote aliyepitia shule zetu. Hata hivyo, maisha ya mwenye jina husimuliwa kwa wanafunzi kama ngano ya shujaa, na ngano hiyo huruka mengi. Makala haya yanayasimulia upya kwa kufuatilia swali moja lililomwandama tangu uhai wake: je, aliwalea vijana wawe raia wema, au aliwaandaa wawe askari?

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka 1860, naye mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Malezi yakabaki mikononi mwa mama, Henrietta Grace, mwanamke mwenye azma kubwa aliyehakikisha kwamba wanawe wanapanda ngazi za jamii. Katika shule ya Charterhouse kijana huyu hakung'aa sana darasani. Alipenda kuigiza, kuchora kwa mikono yote miwili, na kutorokea kichaka kilichokuwa jirani na shule, ambako alijifunza kunyemelea wanyama na kuwakwepa walimu. Alishindwa kuingia Oxford. Mwaka 1876 akafanya mtihani wa jeshi, na hapo akafaulu vizuri kiasi cha kupelekwa moja kwa moja India kama afisa wa kikosi cha wapanda farasi cha 13th Hussars.

Miaka yake ya mwanzo jeshini haihitaji kutuchelewesha. Linalofaa kutajwa ni kwamba alipata sifa katika kazi ya upelelezi wa kijeshi, yaani kwenda mbele ya jeshi, kusoma nyayo, kutambua njia na kurudi na habari. Hapa msomaji wa Kiswahili aruhusiwe kutua kidogo. Kiswahili kimelichukua neno la Kiingereza kikalitohoa kuwa skauti, na kwa kutohoa huko maana asilia imefichika. Kama wafasiri wa kwanza wangetafsiri maana badala ya kuazima sauti, huenda leo tungekuwa na chama cha wapelelezi katika kila shule ya msingi, na huenda wazazi wengi wangeuliza maswali kabla ya kununua sare.

Afrika ndiyo iliyomjengea jina. Mwishoni mwa mwaka 1895 alitumwa Ashanti, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Ghana, akaongoza kikosi cha Waafrika kilichotangulia kufyeka njia msituni. Vita havikupiganwa, Mfalme Prempeh wa Kwanza alikamatwa, na baadaye akahamishiwa visiwa vya Shelisheli, uhamishoni kule kule walikopelekwa pia Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Mwaka 1896 Baden-Powell alikuwa katika nchi ya Wandebele, ambayo sasa ni Zimbabwe, akishiriki kuzima uasi dhidi ya utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes. Huko, katika vilima vya Matopo, alijifunza mengi kutoka kwa Frederick Russell Burnham, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kusoma nyayo. Huko pia ndiko alikopata lakabu ya Impeesa, aliyopenda kuifasiri kuwa mbwa mwitu asiyelala. Mwanafunzi wa isimu linganishi atatabasamu. Neno hilo ni impisi, na kila Mbantu mwenye sikio atalisikia neno fisi ndani yake. Kumwita mtu fisi si lazima iwe sifa, lakini aliyepewa jina ndiye aliyeandika vitabu, na mbwa mwitu akabaki vitabuni.

Kuna jambo la mwaka huo ambalo skauti hawasimuliwi. Kiongozi mmoja wa upinzani aliyeitwa Uwini alitekwa akiwa na majeraha. Baden-Powell aliitisha mahakama ya kijeshi, Uwini akahukumiwa kifo na kupigwa risasi, ilhali mamlaka ya kiraia ya Waingereza ilitaka mateka wa aina hiyo wakabidhiwe kwake. Uchunguzi ulifanywa, na Baden-Powell akaondolewa lawama. Hata hivyo kivuli cha tukio hilo kilimfuata hata baada ya kufa, kwani nyaraka zinazolihusu zilipojitokeza mwaka 2009, mjadala ulifufuka upya.

Umaarufu wake mkubwa ulitoka Mafeking, mji mdogo wa reli kaskazini mwa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hadi tarehe 17 Mei 1900, muda wa siku 217. Baden-Powell, akiwa kamanda, aliulinda kwa hila nyingi: alizika masanduku ya mchanga akidai ni mabomu, akawaamuru askari waigize kuvuka nyaya za miba ambazo hazikuwepo. Habari za kuokolewa kwa mji zilipofika London, watu walimiminika barabarani wakacheza hadi usiku wa manane, naye akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43.

Ni katika mji huo ndimo swali letu lilimochipuka. Afisa wake mkuu, Meja Lord Edward Cecil, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, aliwakusanya wavulana wa Kizungu wa mjini akawaundia kikosi cha kadeti. Walivishwa sare za kaki na kofia, wakapewa kazi za kupeleka barua, kukaa zamu za uangalizi na kusaidia hospitalini, ili wanaume wazima waachiwe mitaro. Kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa na umri wa miaka 13, na picha yake juu ya baiskeli ilitiwa katika stempu ya posta iliyochapishwa mjini humo wakati wa mzingiro. Baadaye Baden-Powell aliwatumia wavulana hao kama mfano kila alipotaka kuonyesha kwamba mtoto akipewa dhamana huibeba. Mfano una nguvu. Lakini ni mfano wa watoto waliotumwa chini ya mizinga, na anayeusoma leo, katika zama ambazo kumwingiza mtoto wa chini ya miaka 15 jeshini ni uhalifu wa kivita kwa sheria za kimataifa, hawezi kuupokea kwa wepesi uleule.

Fauka ya hayo, Mafeking haukuwa mji wa Wazungu peke yao. Kando yake waliishi Wabarolong kwa maelfu, na ndani yake walikuwemo wakimbizi Waafrika wengi. Baadhi ya Wabarolong walipewa bunduki na wakapigana. Mnamo tarehe 12 Mei 1900, Makaburu walipopenya kupitia makazi yao, walichangia pakubwa kuwanasa. Chakula kilipopungua, mgao wa Waafrika ulipunguzwa zaidi kuliko wa Wazungu, na wakimbizi ndio walioumia kuliko wote. Wengi walikufa kwa njaa. Mwanahistoria Thomas Pakenham, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alimlaumu vikali Baden-Powell kwa jambo hilo. Tim Jeal, aliyeandika wasifu mrefu wa Baden-Powell mwaka 1989, alimtetea kwa kiasi kikubwa. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba utetezi huo unaweza kupunguza kosa la nia, lakini hauwezi kuwafufua waliokufa wala kueleza kwa nini majina yao hayakutiwa katika stempu yoyote.

Bahati nzuri, mzingiro huo ulikuwa na shahidi mwingine. Solomon Tshekisho Plaatje, kijana wa miaka 23, mkalimani wa mahakama mjini humo, aliandika shajara yake siku baada ya siku, na shajara hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1932. Huyu ndiye Plaatje aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kitswana muda mrefu kabla ya Mwalimu Nyerere kutufasiria Juliasi Kaizari. Wanafunzi wa fasihi na tafsiri wangefaa kumsoma kwa bidii walau nusu ya ile wanayomsomea Baden-Powell kambini.

Baada ya vita, Baden-Powell alirudi Uingereza akakuta kwamba kijitabu alichokuwa ameandikia askari kuhusu upelelezi, kilichochapishwa mwaka 1899, kilikuwa kinasomwa na watoto na kutumiwa na walimu. Mwaka 1904 alikagua gwaride la Boys' Brigade, chama cha vijana wa Kikristo kilichoasisiwa Glasgow na William Smith mwaka 1883, na Smith akamshauri aandike upya mafunzo yale kwa ajili ya vijana. Alichukua muda kutafakari. Mnamo Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, wengine watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akawagawa katika makundi madogo yenye viongozi wao wenyewe. Mwaka uliofuata, 1908, kitabu cha Scouting for Boys kikatoka kwa sehemu sita. Kaulimbiu ya chama, inayomtaka kijana awe tayari wakati wote, ilichaguliwa kwa namna ambayo herufi zake za kwanza kwa Kiingereza ndizo herufi za jina lake. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa fadhila zake kuu.

Chama kilienea kama moto wa nyika, nacho kikafika Kenya mwaka 1910. Mwaka huohuo alistaafu jeshi, na wasichana, ambao walikuwa wamejitokeza wenyewe wakidai nafasi, wakaundiwa chama cha Girl Guides chini ya dada yake Agnes. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 32 kamili, kwani walizaliwa tarehe ileile. Walipata watoto watatu.

Lakini mgogoro ulikuwa tayari umezuka. Uingereza ya miaka hiyo ilikuwa na hofu ya Ujerumani, na wapo waliotaka kila shule iwe na mafunzo ya kijeshi. Makao makuu ya skauti yalijaa maafisa wastaafu. Sir Francis Vane, mmoja wa viongozi wa London, alilalamika kwamba chama kinageuzwa kuwa jeshi la watoto. Akaondolewa, na mwaka 1909 akajiunga na kundi lililojitenga. Kwa upande wa pili, wapenda jeshi walimlaumu Baden-Powell kwa kutofundisha matumizi ya bunduki vya kutosha na kwa kudharau gwaride. Ukweli ni kwamba aliamini gwaride huua akili ya mtoto. Alitaka kijana anayejifikiria mwenyewe, si anayengoja amri. Hoja yake hiyo inachekesha kidogo mtu akiikumbuka huku akitazama skauti wetu wa Shinyalu, ambao aghalabu kipimo cha ubora wao ni gwaride.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, skauti walilinda madaraja na pwani, wakapeleka ujumbe, na maelfu ya waliokuwa skauti wakafa mitaroni. Jambo hilo lilimbadilisha. Kuanzia mkutano mkubwa wa kimataifa wa mwaka 1920 jijini London, ambako alitangazwa kuwa Skauti Mkuu wa Dunia, alizidi kuzungumzia amani na udugu wa mataifa. Hata kibali hicho hakikuwa bila doa. Mwaka 1937, wakati skauti walikuwa wamekwisha pigwa marufuku Ujerumani na vijana wote wakiingizwa katika chama cha Hitler, alikutana na balozi wa Ujerumani, Ribbentrop, kujadili uhusiano wa karibu zaidi. Na katika shajara yake ya mwaka 1939 alikisifu kitabu cha Hitler, ingawa aliona kwamba mwandishi wake hakutekeleza mawazo yake. Watetezi wake hueleza kwamba alikuwa mzee aliyetamani amani kupita kiasi. Huenda. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba wananazi hawakumpenda, na walimworodhesha miongoni mwa watu wa kukamatwa endapo wangeivamia Uingereza.

Suala la rangi ndilo lililomshinda zaidi. Kanuni ya skauti inamtaka kila skauti awe ndugu wa kila skauti mwingine. Afrika Kusini, hata hivyo, Wazungu walikataa kukaa chama kimoja na Waafrika, na mwaka 1922 Waafrika wakaundiwa chama chao cha Pathfinders. Alipozuru huko mwaka 1936, mwasisi aliafiki mpango wa matawi yaliyotengana kwa rangi chini ya mwavuli mmoja. Humu Kenya nako skauti wa kwanza walikuwa Wazungu. Waafrika waliingia baadaye kupitia shule za misheni. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha kwamba utawala wa kikoloni uliutaka uskauti kwa sababu ulifunza utiifu, huku vijana wa Kiafrika wakiutaka kwa sababu uliahidi usawa. Wengine walishona sare zao wenyewe na kuunda vikosi bila kibali, jambo lililowatia maafisa wasiwasi. Askari bandia tunawajua. Skauti bandia ni kioja cha ukoloni.

Mwaka 1938, afya ikiwa imezorota, Baden-Powell alihamia Nyeri. Alikuwa ameuzuru mji huo mwaka 1935 na kuvutiwa na mandhari yanayotazama Mlima Kenya. Mwenyeji wake alikuwa Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, ambaye sasa alimiliki Hoteli ya Outspan. Katika uwanja wa hoteli hiyo alijengewa nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, kwa mchezo wa maneno juu ya jina la nyumba yake ya Uingereza, Pax Hill, na juu ya neno la Kilatini lenye maana ya amani. Humo alichora ndege na wanyama, akaandika, akangoja. Alifariki tarehe 8 Januari 1941.

Tarehe hiyo inastahili kuangaliwa kwa macho ya Shinyalu. Siku chache baada ya mzee huyo kuzikwa, King's African Rifles walianza kusonga mbele kuwakabili Waitaliano Somalia na Ethiopia, na kabla ya vita kwisha Wakenya wapatao 98,000 walikuwa wamepita jeshini. Nchi ya Waluhya ilitoa vijana wengi. Kizazi cha baba zao kilikuwa kimekwisha kuonja usajili wa namna hiyo katika vita vya 1914 hadi 1918, pale maelfu kwa maelfu walipochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika na wengi wasirudi. Mtaa wa Kariakor jijini Nairobi umebeba jina lao, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Hakuna kati ya hao aliyehitaji cheti cha uskauti ili achukuliwe. Alihitaji tu kuwa na mabega.

Urithi wa Baden-Powell uliendelea kupindwa huku na huku baada yake. Katika miaka ya Hali ya Hatari, kambi ya Wamumu, iliyofungiwa vijana walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, iliwavisha baadhi yao sare za skauti kama sehemu ya kuwarekebisha. Uhuru ulipopatikana, serikali mpya hazikukivunja chama. Zilikipokea na kukiweka chini ya ulezi wa rais. Aidha, zilibuni njia zake zenyewe za kuwatia vijana nidhamu. Tanzania ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya kulitumikia, Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Kenya iliunda Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, na kuanzia mwaka 1984, miaka miwili baada ya jaribio la mapinduzi, waliofaulu kujiunga na chuo kikuu walilazimika kupita kwanza katika kambi zake. Baadhi ya wahadhiri wetu walipitia mafunzo hayo, na ukiwauliza watakusimulia mpaka chai ipoe. Mpango huo ulikuwa umekomeshwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Basi alikuwa nani? Ushahidi wa maisha yake haukubali jibu la neno moja. Mbinu alizowapa watoto zilizaliwa vitani, na vitani kwa Waafrika hasa. Kambi, doria, nyayo, mluzi, yote yana harufu ya Matopo na Mafeking. Hata hivyo, ni yeye aliyekataa kuwapa watoto bunduki pale wakubwa wenzake walipotaka, na ni yeye aliyewaamini wavulana wa tabaka la chini kuwaongoza wenzao. Mwandishi anaona kwamba kosa letu si kumrithi bali kumrithi nusu: tumechukua gwaride alilolishuku, tukaacha ule uhuru wa kijana kufikiri na kuamua alioupigania. Mwalimu anayewapigisha watoto wa Shinyalu saluti kwa saa nzima juani, kisha akawarudisha darasani bila kuwafunza kufunga jeraha wala kusoma ramani ya Msitu wa Kakamega ulio jirani yao, anaiandaa foleni ile ya makurutu tu.

Mwaka 2020 sanamu yake iliyoko Poole, mkabala wa kisiwa cha Brownsea, ilizungushiwa mbao baada ya kuzuka hofu kwamba waandamanaji wangeiangusha kwa sababu ya rekodi yake ya kikoloni. Nyeri hakukuwa na mbao. Kaburi lake lipo katika makaburi ya Mtakatifu Petro, na majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yalizikwa hapo pamoja naye. Hatua chache kutoka hapo amelala Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India, ambaye pia aliishi Paxtu. Juu ya jiwe la Baden-Powell kumechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaarifu wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani. Kila ifikapo tarehe 22 Februari, skauti kutoka pembe zote za nchi, Kakamega ikiwemo, hujipanga mbele ya jiwe hilo kwa safu zilizonyooka.